Fundi Aliyewapima Wafungwa

Mimi waandishi siwapendi, na nina sababu. Mwaka 1992 Karangwa alikuja mtaani kwetu Biryogo kutusomea kitabu chake, katika chumba cha madrasa. Alikuwa ametoka gerezani, mmoja wa waliozolewa katika kamatakamata ya serikali ya Oktoba 1990, vita vilipoanza. Mkuu wa mtaa alikaa mbele kabisa, maana siku hizo watu hawakukusanyika bila yeye, na kila akigeuza ukurasa Karangwa alimtupia jicho.

Nilikaa na mdogo wangu Swafiya. Mumewe, Nzeyimana, fundi cherehani, alichukuliwa mwezi ule ule wa kamatakamata, na tangu hapo hatukupata habari yake, ya uhai wala ya kifo.

Karangwa akasoma juu ya fundi aliyewapima wafungwa wenzake kwa shubiri ya kiganja chake, kidole gumba hadi cha mwisho, akimwahidi kila mmoja suti siku ya kutoka. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, hakikunjuki, kwa hiyo shubiri yake ilikuwa fupi na suti zote zingepwaya. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Swafiya alinishika mkono. Kidole kile kilivunjwa na cherehani, dukani kwao, mimi mwenyewe nikiwepo.

Mwandishi akaendelea. Fundi aliugua tumbo, alfajiri moja akafa ameegemea ukuta, wenzake wakamfunika koti. Karangwa alikuwa amembadilisha jina tu, akamwita Yusufu, akadhani hiyo inatosha.

Ulipofika wakati wa maswali, Swafiya alisimama.

"Mwalimu, ile fundi mulimuosha? Nani alimusalia?"

Karangwa alimtazama mkuu wa mtaa, ambaye sasa alikuwa amegeuka kumwangalia aliyeuliza.

"Mama, hii ni hadithi tu. Hiyo mutu haiko. Nimeitunga mwenyewe."

"Na kidole?"

"Na kidole nimetunga."

Mkuu wa mtaa akapiga makofi, nasi sote tukapiga. Nilimchukia Karangwa pale pale, ingawa nilijua angerudishwa wapi kama angejibu vingine. Aliondoka bila hata kunywa chai tuliyompikia.

Kesho yake tulikwenda kwa shehe. Swafiya alitaka kukaa eda kama wajane wengine, mumewe asomewe dua, watu waje kumpa pole. Shehe alitusikiliza kwa huruma, hakutukatiza.

"Ya kitabu haitoshi, mwanangu," alisema. "Iko lazima mutu aliyeona aseme ameona."

"Aliyeona amesema hakuona," nilijibu mimi, hasira imenipanda.

Swafiya hakulia. Alimuuliza shehe kama basi arudi nyumbani amsubiri mumewe. Shehe akamwambia ndiyo, arudi amsubiri.