Vigae Vipya vya Twiga

Ilikuwa siku ya pili twiga wa bustani ya wanyama hajagusa maji, na mama mtunzaji aliyemlisha tangu azaliwe roho ilimkaa juu juu. Daktari alishasema hana homa. Twiga alilisogelea hodhi la maji, akaitazama sakafu, akarudi nyuma.

Mama akaikanyaga sakafu mwenyewe. Kumbe vigae vipya vinateleza kama sabuni! Na twiga hawezi kunywa mpaka aitanue miguu ya mbele. Ikiteleza, ataanguka asiinuke tena.

Akamwaga ndoo tatu za mchanga juu ya vigae. Twiga akatanua miguu polepole, akashusha shingo, akanywa.

“Mama! Nani kachafua vigae vyangu?” fundi aliyeviweka akafoka mlangoni.

“Mimi. Na kesho nakuja na nyundo.”