Kaa Nayo, Fundi

Niliota usiku wa jana kwamba giaboksi ya gari la Sefania imeniandikia barua ya kuniita Iringa. Nikaenda. Sikujiuliza giaboksi imejifunzia wapi kuandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Sefania Mgongolwa alikuwa dereva wa mashindano ya magari, mimi fundi wake. Injini yetu ilikuwa na turbo niliyoifunga kwa mikono yangu, na turbo ina sharti lake: ukitoka kwenye mbio usizime gari. Liache kwenye silensa, lingurume polepole palepale lilipo, mafuta yazunguke yaipoze turbo. Ukizima ghafla mafuta yanaungulia ndani, na shafti imekwisha hata kama leo haijaonyesha.

Silensa hiyo ilikuwa kazi yangu. Sefania akishuka kusalimia watu, alikuwa anapiga boneti kwa kiganja na kusema, "Kaa nayo, Fundi."

Alifariki mwezi wa nne. Nilipigiwa simu nikiwa Tunduma. Sikwenda kumzika.

Basi gereji yetu ya zamani ya Iringa iko vilevile, ila giaboksi imekaa kwenye kiti cha mapokezi, imevaa miwani. Nikaisalimia kwa Kihehe, kamwene. Ikaitikia, kisha ikanilaumu kwa kuchelewa.

"Mtu wako hajazimwa," ikasema. "Yuko silensa tangu mwezi wa nne. Majirani wanalalamikia moshi."

"Si alizikwa?"

"Alizikwa akiwa ananguruma. Mchungaji alilazimika kupaza sauti."

Ninageuka, na gereji ni wodi. Sijapita mlango wowote. Sefania amelala kitandani, shuka limenyooshwa vizuri, bomba la ekzosi limetokea dirishani. Kifuani ana geji ya joto, mshale umelala kwenye nyekundu. Ufunguo umechomekwa chini ya koo. Juu ya mto, karibu na sikio lake, imekaa turbo yetu, imejikunja kama konokono wa chuma.

"Mwambie wewe," turbo inasema, "au nimwambie mimi."

Nikaanzia mbali. Nikampa Sefania habari za Tunduma, foleni ya malori, mvua. Nikamtajia miji niliyokaa, nayo ni mingi, maana sijamaliza miaka miwili popote. Turbo ikakohoa masizi kwenye shuka.

"Siku ile ya Kilolo," nikasema.

Siku ile tulishinda, na kipaza sauti kikamtaja dereva peke yake. Watu wakambeba juu juu. Mimi nikabaki na gari linanguruma, turbo imeiva nyekundu, na hasira zimenijaa. Nikapitisha mkono dirishani, nikazungusha ufunguo, nikaenda kunywa chai. Mashindano yaliyofuata turbo ikakwama kilimani, tukiwa tunaongoza. Sefania akasimama mbele ya watu akasema mguu wake mzito ndio ulioua gari. Hakushindana tena. Nilikuwa pembeni yake na spana mkononi, nikanyamaza. Wiki ile ile nikafungasha, nikaondoka na turbo mbovu begini.

"Haukuwa mguu wako," nikamwambia. "Nilizima mimi. Ikiwa bado ya moto."

Mngurumo wake ukayumba kidogo, kama injini iliyoingiwa na maji. Nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Chai ilikuwa nzuri?" akauliza.

"Haikuwa na sukari."

Akafikiri. "Miaka ishirini na mitatu nimeulaumu mguu huu, kaka. Hata baiskeli nilikuwa nashuka nikikuta kilima. Wanangu walikuwa wananicheka."

Mlangoni giaboksi ikavua miwani, ikaifuta, ikaivaa tena.

"Haya, zima," Sefania akasema.

Nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Bado moto," turbo ikasema.

Sefania akafumba macho. Kiganja chake kikapiga ubao wa kitanda, taratibu. "Kaa nayo, Fundi."

Nikakaa. Wodi inakuwa barabara ya Kilolo, kitanda kiko katikati, vumbi limetulia, watu wote wameshaondoka na kipaza sauti chao. Mshale unashuka, nusu, robo. Ulipogusa chini kabisa nikazungusha ufunguo kwa vidole viwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Kukawa kimya. Majirani hawakulalamika tena.

Nikaamka. Ni Tunduma, kumeshapambazuka, baridi inauma. Begi langu lilikuwa tayari limefungwa, kwa kuwa asubuhi hii nilikuwa nahamia Sumbawanga. Turbo ile ninayo hadi leo. Naiweka mlangoni, upepo usiubamize mlango. Nikainama kuisogeza nipite, nikaiachia haraka na kupuliza vidole.

Ilikuwa ya moto. Ilikuwa inalia ti, ti, ti, kama chuma kinachopoa.

Nikasikia basi la Sumbawanga linapiga honi kule stendi. Nikavuta kigoda, nikakaa nayo.