Mtu wa Pili Ukutani

Usiku wa kuamkia leo niliota friji yetu imevaa tai.

Ilikuwa imesimama sebuleni, mahali ambapo siku zote huwa pana kochi, na kitambulisho cha kampuni ya umeme kinaning'inia kwenye mlango wake. Friji sikuishangaa. Nilichoshangaa ni kwamba tai ile ilikuwa yangu, ile niliyooa nayo, na ilikuwa imeikaa friji vizuri kuliko ilivyowahi kunikaa mimi.

"Bwana Shekigenda," ikasema, "nimekuja kuchukua joto la ziada."

Hapa inabidi nieleze kidogo mambo ya nikiwa macho, ndipo haya ya usingizi yaeleweke.

Mimi ni mtu wa Mlalo, huko juu Lushoto, ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoka mvuke. Mke wangu, Mwanakombo, ni wa Pangani, ambako hata ukuta wa chumbani ukiugusa una joto. Tunaishi Kinyerezi, nyumba ina kiyoyozi, na mwaka juzi niliweka ukutani kidhibiti joto cha kisasa, kile kinachojifunza tabia za wenye nyumba. Kwenye kioo chake kunatokea nyuzi za joto, na chini yake kuna kijitu kidogo kimechorwa, kuonyesha kimewatambua wakazi wangapi. Kijitu hicho kimekuwa kimoja tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni urembo.

Kampuni ya umeme nayo ina mpango wake. Nyumba inayoshika joto moja bila kuyumbayumba inaongezewa yuniti za bure kwenye luku, ile mita ya kulipia kabla, kila mwezi. Nikaweka nyuzi kumi na tisa, nikastarehe. Lakini mimi si mtu wa mabavu, kwa hiyo kila jioni nilimuuliza mwenzangu, "Mama Salha, ubaridi huu unakutosha?" Naye kila jioni alinijibu, "Alhamdulillahi." Yuniti zikawa zinaingia na mimi nikawa nalala kama niko kwetu.

Jana jioni Mwanakombo akaniambia anakwenda Pangani kwa mama yake. Nikamuuliza atarudi lini. Akafunga zipu ya begi, polepole, mpaka mwisho, kisha akasema, "Tutaona." Katika ndoa yetu nimesikia maneno mengi, mengine makali, lakini hilo lilinitia hofu. Salha wetu ameshaolewa. Mwanakombo akiondoka, nyumba ile nabaki mimi na vifaa vya umeme.

Basi nililala na hofu hiyo, na friji ikaja na tai yangu.

"Joto la ziada lipi?" naiuliza.

"Nyumba hii imejiandikisha kwa joto moja. Sisi tumepima tukakuta humu mna joto la aina mbili. Kanuni inasema nyumba moja, joto moja. Hilo ambalo halikuandikishwa tunaondoka nalo."

"Ondokeni nalo tu," nikasema. Mimi na kanuni tunaelewana.

"Pamoja na mwenye nalo."

Nageuka. Mwanakombo ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, anachambua mchicha. Amevaa sweta. Amevaa na soksi. Kila jani analolichambua limeganda barafu pembeni, naye analipuliza kidogo kabla ya kuliweka kwenye ungo. Yeye hasikii tunavyomzungumzia.

"Huyo ni mke wangu," nasema. "Anajulikana."

"Anajulikana na nani?" friji inauliza, na inageukia ukutani.

Kidhibiti joto kinakohoa. Kina sauti yangu, ile ninayoitumia nikizungumza na wakubwa wa kazini. "Mimi namjua mtu mmoja tu," kinasema. "Anapenda kumi na tisa. Hapandi, hashuki. Huyu mama hajawahi kunigusa hata siku moja. Nikajua ni mgeni."

"Mgeni wa miaka ishirini na mbili?"

"Wapo."

Nikaanza kupandisha sauti. Nikakiambia kwamba nilikuwa namuuliza, tena kila jioni, tena mbele yake chenyewe, na kwamba kila jioni alijibu Alhamdulillahi, na shahidi ni hicho hicho kidhibiti.

"Nilisikia," kikajibu. "Neno hilo nilikuwa nalipima kila linapotoka. Halina nyuzi."

Na mimi nalijua lile neno. Pangani ukimuuliza mtu hali, atakushukuria Mungu kwanza, awe mzima awe mahututi. Mama mkwe wangu aliwahi kunijibu hivyo hivyo mguu wake ukiwa kwenye plasta mpaka gotini. Ni adabu yao. Kwetu Mlalo mtu akisikia baridi anasema baridi, na anakufukuza mlangoni ili aufunge. Mimi nilikuwa nauliza kama mtu wa milimani, na yeye anajibu kama mtu wa pwani. Jibu lile lilinifaa, nami sikulichunguza.

"Basi muandikisheni sasa hivi," nasema.

"Hakuna tabu," friji inajibu. "Anapenda nyuzi ngapi?"

Namba ya kiatu chake naijua. Najua hali papai, najua anaogopa paka weupe, najua chai yake anaiweka tangawizi kabla ya majani na ole wako ukigeuza. Lakini nyuzi ngapi, hapana. Nasimama pale nikitazama tai yangu.

"Ishirini na mbili," nasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Kidhibiti kinatoa mlio mfupi. Naangalia kwenye mkeka, Mwanakombo hayupo. Yuko jikoni na ungo wake, anaendelea na kazi kana kwamba hakuhama.

"Ukikosea anasogea," friji inanieleza. "Usituone wabaya. Hata usingejibu angekuwa anasogea, ila taratibu zaidi."

"Ishirini na nne!"

Yuko uani. Ungo umegeuka begi.

"Ishirini na nane!"

Yuko ng'ambo ya barabara, juani, begi liko miguuni pake, na anatazama upande yanakotokea mabasi ya Tanga.

Nilitaka kusema thelathini, friji ikaniwekea mlango wake kifuani. "Umebakiwa na jibu moja," ikasema. Kisha ikainama mpaka nikazisikia chupa zikigongana tumboni mwake, ikaninong'oneza. "Kaka, kazi hii siipendi. Humu ndani aliyewahi kuulizwa nyuzi ngapi ni mimi peke yangu. Nataka nyuzi nne, napewa nyuzi nne, na mlango ukiachwa wazi unakuja mbio kuufunga. Pita huku."

Ikajifungua. Nikapita katikati ya jagi la maji na bakuli la maharage ya juzi, nikainamisha kichwa, nikatokea Mlalo.

Niko jikoni kwa mama yangu. Mama alifariki Salha akiwa bado ananyonya, lakini anapuliza moto kama kawaida yake, jicho moja amelifumba kwa ajili ya moshi.

"Funga huo mlango," anasema. "Unatuingizia baridi."

Naufunga mlango wa friji. "Mama," namwambia, "mke wangu anapenda nyuzi ngapi?"

"Unaniuliza mimi? Kwani mimi ndiye ninayelala naye?"

"Wewe ulikuwa na watoto saba kitanda kimoja, wote wamelala. Ulikuwa unajuaje nani anasikia baridi?"

Mama ananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza maji yananywewa wapi. "Nilikuwa nashika miguu."

Na mimi nikakumbuka. Nikakumbuka kile kiganja chake kigumu kikipita gizani kutoka mguu mmoja hadi mwingine, naye akisema peke yake: huyu wa moto, huyu wa moto, huyu anajifanya amelala, huyu baridi. Kisha blanketi linashuka, zito, lina harufu ya moshi. Lilikuwa halikosekani.

"Lile blanketi la kuongeza," namuuliza, "ulikuwa unalitoa wapi?"

"Kwangu," anasema, na anarudi kupuliza moto. "Nenda sasa. Ningekukaribisha chai, lakini una mtu barabarani."

Nilitamani kukaa. Nasema kweli, nilitamani kukaa pale kwenye moshi, lakini nikafungua mlango wa nje, na badala ya ukungu wa Mlalo nikakuta jua la Kinyerezi.

Mwanakombo amekalia begi lake. Nachuchumaa mbele yake vumbini, watu wanapita, mmoja ananisalimia kwa jina na mimi naitikia. Naishika miguu yake. Soksi ni jozi mbili, moja juu ya nyingine. Soksi hizo nimeziona kila siku. Nilidhani anaficha magaga. Nazivua, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na miguu iliyomo ndani, katika jua lile linaloyeyusha lami, ni ya baridi kama maji ya mtungi.

"Mwanakombo," nasema. Jina hilo huwa silitumii. Tangu Salha azaliwe yeye ni Mama Salha na mimi ni Baba Salha, na sauti yangu ilitoka kama ya kijana aliyekwenda kuposa. "Wewe mwenyewe unataka nyuzi ngapi?"

Anaziokota soksi vumbini, anazipanga jozi jozi.

"Mambo ya nyuzi siyajui, Baba Salha. Hayo ni yako na lile dude lako. Mimi nataka kulala bila soksi."

"Hiyo si namba," kinasema kidhibiti joto. Sasa kimetundikwa kwenye nguzo ya umeme juu yetu.

"Andika," inasema friji. Imevuka barabara kutufuata, baada ya kutazama kulia na kushoto.

"Nitaandikaje kitu ambacho si namba?"

"Basi chora."

Kidhibiti kinakohoa tena. "Na zile yuniti za bure? Nyumba ikiwa na watu wawili, kila mmoja na joto lake, haistahili."

Wote watatu wananitazama. Hata yule mpita njia aliyenisalimia amesimama kusubiri. Na mimi mnanijua; naweza kurudi kutoka getini kwa ajili ya taa moja niliyoiacha inawaka chooni. Lakini nilikuwa nimeshika miguu ile miwili viganjani mwangu, na ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupata moto.

"Zipotee tu," nikasema.

Friji ikafungua tai yake, ikaikunja vizuri, ikanirudishia. "Siku ya harusi ilikupendeza," ikasema. "Nilikuwepo. Mimi nilikuwa zawadi."

Hapo nikaamka.

Kumekucha. Kiyoyozi kinanguruma. Upande wa pili wa kitanda hapana mtu, blanketi limekunjwa, na lile begi limeshasogezwa hadi mlangoni. Jikoni nasikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Nikashusha miguu chini, nikaenda ukutani, nikijiambia kwamba naenda kutazama saa.

Kioo kiliandika kumi na tisa, kama jana. Chini yake, pale kwenye kijitu, vilikuwepo vijitu viwili.

Nilisogeza uso karibu mpaka pua ikagusa kioo. Kile cha kwanza ndicho kile cha siku zote, kimesimama wima na mikono imenyooka. Cha pili kilikuwa kifupi kidogo, na mkononi kilikuwa kimeshika kitu. Nikaenda kuchukua miwani. Zilikuwa soksi.

"Umekifanyaje hicho?" Mwanakombo alikuwa amesimama nyuma yangu, ushungi umeshafungwa tayari kwa safari.

"Sijakigusa."

"Na mimi sijakigusa. Sijawahi."

"Najua," nikasema. Nikatazama miguu yake. Soksi zilikuwa jozi mbili, kama nilivyoziona ndotoni. "Mwanakombo. Umeamkaje?"

"Alham..." akaanza, kisha akanitazama usoni, sijui aliona nini huko, akaliacha neno katikati. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baridi," akasema. "Nimeamka na baridi, Baba Salha. Naamka nayo kila siku."

Nilinyoosha mkono ukutani nikizime kabisa, niyamalize. Aliniwahi. Alisimama, akausogeza mkono wangu kando kwa upole, akakitazama kile kidude kama anavyotazamwa mkwe mpya, akakibonyeza mwenyewe. Kikalia. Akashtuka, akacheka kidogo. Akabonyeza tena, na tena, na tena, na wakati anavua soksi ya kwanza mimi nilikuwa nimeshaanza kutoka jasho.