Sikio na Gari Linalonguruma

Fundi mkuu wa gereji ile aliitwa Sikio, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa akisimama kando ya gari, akifumba macho na kuutaja ugonjwa kabla boneti haijafunguliwa. Vitabu vya magari aliwaachia, kama alivyosema, wenye masikio mabovu.

Asubuhi hiyo daktari wa meno aliingiza gari alilolinunua juzi kwa mtu. Lilikuwa gari dogo la kifahari, limeinuka kidogo kama magari ya safari, ila la toleo lenye nguvu kupita ndugu zake: matairi mapana, breki nyekundu, midomo minne ya bomba la moshi nyuma.

"Fundi, nikiliwasha linanguruma, nikiachia mafuta linakohoa. Wagonjwa wanadhani nimekuja kuwang'oa meno kwa trekta."

Wateja waliokaa kwenye benchi wakacheka. Sikio akafumba macho.

"Bomba limetoboka," akatangaza. "Njoo saa kumi, litakuwa kimya kama paka."

Aliyasema hayo mbele ya benchi zima, na maji yakimwagika hayazoleki.

Alilala chini ya gari saa mbili nzima, tochi mkononi. Alipapasa kila kiungo, akapaka maji ya sabuni kutafuta moshi unaovuja. Halikutoka hata povu moja. Bomba lilikuwa buheri wa afya. Alichokiona ni kilango kidogo cha chuma ndani ya bomba, kimeachama, kitu ambacho hajapata kukiona tangu aanze ufundi.

Kaka wa mkewe, aliyekuwa mpaka rangi wa gereji, akachuchumaa.

"Shemeji, umelala au unaliombea?"

"Niache."

"Kitabu chake kimo kwenye dashibodi. Kisome."

"Mimi husoma kwa masikio."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," akasema shemeji, akamwekea kitabu kifuani.

Sikio aliwaza kuchomelea kiraka juu ya bomba zima. Nani angejua? Alikwisha kuvuta mashine ya kuchomelea. Halafu akaiacha, akafungua kitabu, akasoma polepole, kidole chini ya mstari. Ukurasa wa tisini ulieleza kwamba toleo hilo limeundwa lingurume, na likohoe mafuta yakiachiwa. Kilango hufunguliwa na kufungwa kwa kitufe kando ya gia. Kumbe mwenye gari wa kwanza alikiacha kimebonyezwa.

Sikio akaliwasha gari, akakibonyeza. Gari likanyamaza.

Saa kumi daktari alifika, akaliwasha, akatabasamu. "Umeliziba?"

Benchi lilikuwa limejaa. Sikio akakohoa kidogo.

"Hapana, daktari. Halikutoboka. Nilikosea. Ni kitufe hiki tu."

"Kumbe ni mimi ninayeamua? Basi kazini litanyamaza, barabarani lingurume."

Akakibonyeza. Gari lilipopita getini lilinguruma hadi mabati ya paa yakatetemeka.

"Fundi!" akapaza sauti mzee mwenye pikapu. "Si ulisema kimya kama paka? Mbona linaondoka na ugonjwa wake?"

Shemeji akaweka chini pampu ya rangi ili asikose jibu.

"Lile ni zima, mzee wangu," akasema Sikio. "Kilichotoboka ni Sikio."

Benchi likaangua kicheko, na shemeji akacheka kuliko wote. Sikio aliwasubiri wamalize. Kisha akaisogelea pikapu ya yule mzee, akaweka mkono juu ya boneti, na kabla hajafumba macho akauliza:

"Kitabu chake kipo?"