Unga Uliofika Mapafuni

Mdogo wake alizoea kumtania kwamba ameolewa na unga, na hakuwa mbali na ukweli. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake mfamasia yule, mhadhiri wa chuo kikuu, alihangaika na jambo moja: namna ya kuifikisha dawa ya unga ndani kabisa ya mapafu ya mtu asiye na nguvu ya kuvuta pumzi. Inhela za unga, zile pampu za kuvutia dawa kwa mdomo, zilizokuwa madukani zilitaka mgonjwa avute kwa nguvu. Aliyebanwa kifua angezitoa wapi nguvu hizo? Dawa iliishia kooni, mgonjwa akabaki na uchungu mdomoni na kifua kile kile.

Maabarani alikuwa na mapafu ya bandia: sahani za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, na bomba lililopinda badala ya koo. Alipuliza unga, akafungua sahani, akapima. Akabadilisha sukari ya kuchanganyia, akabadilisha joto la kukaushia. Wanafunzi walikuja wakahitimu, unga ukaendelea kunasa bombani. Mpaka alipopata chembe zenye uwazi ndani, nyepesi kama sufi, ambazo hata pumzi ya mtu hoi iliweza kuzibeba. Siku hiyo sahani za chini kabisa zilikuwa nyeupe. Alikaa kwenye stuli akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Chuo kiliuza haki ya kutengeneza dawa hiyo kwa kampuni kubwa. Alitia saini kwa moyo mkunjufu. Yeye hakuwa na kiwanda, wao walikuwa nacho. Majaribio kwa wagonjwa yakaanza. Miongoni mwao alikuwamo fundi cherehani mmoja, mzee mwembamba aliyekuwa hawezi hata kukanyaga pedali bila kuhema. Baada ya wiki kadhaa alipanda ngazi mpaka maabarani kujionyesha.

"Mama daktari, nimepanda zote bila kupumzika."

"Mimi si daktari, baba. Ni mfamasia."

"Vyovyote vile. Ilimradi napumua."

Aliyempigia simu kumpa habari alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa bosi mdogo kwenye ile kampuni.

"Mwalimu, wamesitisha."

"Kuna mgonjwa kadhurika?"

"Hapana. Matokeo ni mazuri mno. Ndiyo shida yenyewe. Dawa yetu ya zamani bado inauzika, na hii ingeiua. Waliinunua ili wengine wasiipate."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nina watoto, Mwalimu."

"Na mimi nina wagonjwa," akasema, akakata simu.

Mkataba ulimkataza kutengeneza hata kijiko kimoja. Unga uliobaki uharibiwe, inhela zote zirudishwe. Mkuu wa kitivo alimsihi asikiingize chuo kwenye kesi. Basi akatii. Aliumimina unga kwenye ndoo ya taka za kemikali, akaifunga kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaanza kuwazungukia wagonjwa.

Alimkuta fundi kibandani mwake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nimekuja kuchukua pampu, baba."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Nimekosea kuitumia?"

"Hujakosea kitu."

Akamweleza. Mzee alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo dawa ipo, inatibu, na mwenyewe hataki kuiuza."

"Ndiyo."

"Si mwenyewe ni wewe?"

"Si yangu tena."

Nyuma ya pazia, mkewe aliyekuwa akipiga pasi akasema, "Mwambie imepotea."

"Imepotea," akasema fundi. Umbo la pampu lilionekana wazi kwenye mfuko wa shati. Mfamasia aliutazama mfuko ule, akaitika, "Haya, imepotea," akaaga.

Lakini dawa iliyokuwemo ilikuwa na mwisho wake. Siku moja mfamasia aliitwa chini kwenye lango la jengo. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kwanza, mabega yakipanda na kushuka, mkewe amemshika mgongo.

"Imekwisha," akasema. "Niongezee."

"Sina, baba. Niliiharibu yote."

"Hata kidogo hukubakiza?"

"Hata kidogo."

Hakumlaumu. Aliomba tu wamnyanyue. Mfamasia akamshika mkono mmoja, mkewe mwingine, wakamtembeza polepole mpaka barabarani. Mzee alirudia dawa yake ya zamani. Hakufa, ila cherehani ilihamia kwa mkewe, na yeye akawa mtu wa kushonea vifungo na kufumua mishono.

Kampuni ilimwalika mfamasia kwenye sherehe yao, apewe tuzo ya ubunifu. Hakujibu. Wiki hiyo hiyo mdogo wake alimkuta maabarani, ameinamia chupa za mchanganyiko mpya.

"Dada, si walikukataza?"

"Chembe zenye uwazi ni zao. Natafuta njia nyingine."

"Na miaka imekwenda. Utaimaliza lini?"

"Sidhani kama nitaimaliza. Labda atakayekuja nyuma yangu. Na yeye watamnunua vilevile."

"Sasa unafanya kwa ajili ya nini?"

"Kwa hasira," akasema, akaenda kuwasha mashine ya kukaushia.