Upande wa Mkahawani

Mimi ni fundi wa kalafati: naziba kwa pamba nafasi kati ya mbao za vyombo. Miaka arobaini na moja nimegonga nyundo hapa Bozburun, pwani ya Uturuki, na kiangazi kimoja tu nimegonga kwa uongo. Ni kile cha mwaka ambao mabenki ya Ulaya yaliyumba na wageni wakabaki kwao.

Kapteni Rustem alikuwa na chombo cha matanga kiitwacho Gülşah, na Wajerumani walewale walikikodi kila Juni. Mwezi wa nne waliandika kuomba radhi: wengine wamepoteza kazi, mwaka huu hawaji. Wateja wengine wote nao wakaghairi. Gülşah kilikuwa bado juu ya magogo ufukweni, kilikopandishwa tangu baridi ianze.

"Kishue hivyo hivyo," nikamwambia. "Mbao zikae majini, zisikauke."

"Nishue bila kondoo?" Kwetu chombo hakishuki bila damu ya kondoo kwenye omo, yaani mbele yake, na nyama hugawiwa mji mzima. "Halafu kielee kitupu mbele ya mkahawa, kapteni mwenzangu Kenan akinywa chai ananichungulia? Nitasema kipo matengenezoni. Nawe Nazmi, uwe unakuja kugonga kidogo, wasikie."

Nilimwambia ana wazimu. Kisha nikaenda kugonga, maana ni rafiki yangu, na kwa hilo najilaumu hadi leo.

Kufika Julai mbao zilikuwa zimesinyaa, kidole changu kidogo kinapenya kati yake. "Basi kimwagie maji asubuhi na jioni, we mtu!"

"Watu wataona. Chombo kinachotengenezwa hakimwagiwi maji."

Mkewe, Seher, mpishi wa chombo, alikuwa karibu akasikia yote.

Agosti simu ikalia. Waholanzi wanane, wiki nzima, wanafika Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Rustem alimkumbatia mkewe mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Pesa ya kondoo haikuwepo, tukachinja jogoo, na Alhamisi asubuhi Gülşah kikashuka.

Tulikuwa hatujamaliza kufunga kamba maji yakaingia. Pampu ikazidiwa. Nikashuka na Rustem ngamani, chini kabisa ya chombo, tukasimama maji yakitufika magotini. Ubavu wa kushoto ulikuwa ukibubujika kila mahali. Wa kulia, ajabu, haukupitisha hata tone. Rustem akaupapasa mara mbili.

"Nazmi, uliziba upande mmoja?"

"Sijaziba popote, unajua vizuri."

Seher akainama mlangoni juu yetu. "Ni mimi. Kila alfajiri nilibeba ndoo nikaumwagia upande wa mlimani. Ule mwingine unatazama mkahawa. Ulisema watu wataona."

Rustem alipanda juu, akavuka barabara suruali ikimchuruzika, akasimama katikati ya mkahawa. Nilimfuata nikiogopa atafanya fujo.

"Sina mgeni tangu masika," akasema. "Hakukuwa na matengenezo yoyote. Chombo changu kinazama. Njooni na ndoo."

Kenan akaweka bilauri yake mezani. "Tulijua, kapteni. Nazmi anagonga miezi mitatu, hatujamwona na uzi mmoja wa pamba."

"Mbona hamkusema?"

"Wewe hukusema. Tungekuaibisha?" Akainuka. "Mimi mwenyewe sijatoka bandarini tangu Mei. Ndoo ziko wapi?"

Wakaja wote, hata imamu na kanzu yake. Tulifua maji kwa zamu hadi Ijumaa jioni, mbao zikaanza kuvimba na kujibana. Lakini zingehitaji siku nne zaidi, na Waholanzi walikuwa njiani. Rustem akaenda kwa Kenan akamkabidhi wageni wale.

"Mchukue na Seher," akamwambia. "Bila yeye hawatakula vizuri."

Jumamosi mchana Rustem mwenyewe alifungua kamba za chombo cha Kenan na kumrushia. Seher alimpungia mkono kutoka nyuma ya chombo, naye akasimama pale mpaka wakazunguka rasi. Kisha akateka ndoo ya maji ya bahari, akapanda Gülşah, akaanza kuimwagia sitaha, jua la saa saba, mkahawa mzima ukimtazama.