Bafu la Kumpokea Lusweti

Nabalayo alipiga magoti sakafuni mwa bafu lake, akatambaa. Mama mzima wa kanisa, mwenye nyonga zinazolalamika hata akiinuka kitini, alitambaa kutoka mlangoni hadi ukutani kama mtoto mchanga. Alitaka kuona kile ambacho mtoto hukiona. Ukisimama, bafu ni ndoo na sabuni tu. Ukitambaa ni mambo mengine kabisa: wembe umeangukia nyuma ya pipa, waya wa hita unaning'inia, na utelezi wa kijani umejificha pembeni ukikungoja.

Bafu lenyewe lilikuwa dogo, choo na mahali pa kuogea vimebanana pamoja, katika nyumba ya kupanga huko Kibera, upande wa kuelekea Olympic. Alikaa pale peke yake. Mumewe Lusweti alishafariki, na binti yake Bridgit alihamia Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo. Si mbali. Mtu akiamua, anafika. Shida ni huko kuamua.

Bridgit naye tusimwonee. Mtoto wake alipokuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, aliachwa hapa kwa kukhu, yaani bibi yake. Nabalayo alikuwa amenunua jiki, dawa ya kung'arishia nguo, ya kupimiwa dukani, ile unayotiliwa katika chupa yako mwenyewe ya soda, kama sisi sote tunavyonunua, akaiweka chini pembeni mwa bafu. Mtoto akaona soda. Nani asingeona soda? Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini alilazwa akilishwa kwa mpira, na tangu siku ile hakuletwa tena. Bridgit hakugombana na mama yake. Angegombana ingekuwa afadhali. Alipiga simu tu Jumapili, akauliza, "Uko poa, mum?" na baada ya hapo kikawa kimya kinachowashinda wote wawili.

Na mtoto huyo ndiye aliyepewa jina la marehemu. Nabalayo alikuwa na jina, hakuwa na wa kuliitika. Jioni nyingine alilitamka hivi hivi akikunja nguo, "Lusweti," kisha akajionea haya mwenyewe.

Sasa Bridgit alikuwa amepata kazi ya saluni, na jirani aliyemshikia mtoto alikuwa amerudi kwao. "Nitamleta Ijumaa," alisema kwenye simu. "Tuone vile kutakuwa. Nisipopenda vile kunakaa, mum, naenda na yeye."

Ndiyo maana bibi alitambaa.

Alisugua utelezi kwa mchanga na brashi mpaka sakafu ikakwaruza kisigino. Hita ya kutumbukiza ndooni alimpa Daisy wa chumba cha pili. Maji angechemshia jikoni, na ya baridi yangetangulia karaini siku zote. Jiki alikwisha kuipiga marufuku nyumbani mwake zamani. Nguo zake nyeupe zilikuwa na rangi ya chai, na acha zikae hivyo hivyo. Pipa la maji huwezi kuliondoa, maana mfereji wetu hutoa maji siku ukijisikia, basi akalifunika na kufunga kifuniko kwa mpira wa tairi. Hata stuli aliitoa, asije mtu akapanda juu yake.

Kisha akamwita Opondo, fundi wa hapo chini, amwekee komeo nje ya mlango, juu.

"Mathe, komeo ya choo inakuwanga ndani," Opondo alicheka. "Ama kuna mtu unataka kufungia?"

"Na hiyo ya ndani uitoe, asijifungie. Mjukuu wangu anakuja."

"Si ni ule wa..." Opondo akajifanya anatafuta msumari. Wapangaji wa ploti nzima walijua. Alipiga nyundo polepole kuliko ilivyohitajika, akaenda zake bila mzaha mwingine.

Ijumaa walifika. Bridgit hakukaa. Aliingia bafuni na mkoba begani, akavuta komeo, akatikisa kifuniko cha pipa, akainama kunusa pembeni pale pale. Nabalayo alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya leso.

"Iko sawa, mum," Bridgit alisema mwishowe. "Umejaribu." Akambusu mtoto, akamnong'oneza kitu, akakimbilia kazini.

Wakabaki wawili. Lusweti alikuwa mrefu kuliko picha za simu. Alikaa ukingoni mwa kochi, amekumbatia chupa ya maji aliyotoka nayo kwao. Nabalayo alikuwa amepika uji wa wimbi tangu alfajiri. Akammiminia.

"Kunywa, papa," alimbembeleza, vile wavulana huitwa kwao.

"Sitaki."

"Ni tamu. Nimeweka sukari."

"Mum alisema nisikunywe kitu ya kwa kukhu. Nikunywe yangu tu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtoto anavyosema kwamba moto unachoma. Nabalayo alishusha kikombe. Magoti yote yale, mchanga wote ule. Kumbe kilichoogopwa si bafu. Ni yeye.

Kwao Bungoma, mwenye nyumba humwonjea mgeni. Kabla pombe ya busaa haijapita mikononi mwa watu, yeye hunywa kwanza wakimwona, ndipo mioyo itulie kwamba hamna sumu. Ni heshima ya wageni hiyo. Mjukuu haonjewi, damu yako utaionjea nini? Hata hivyo Nabalayo aliinua kikombe, akapiga funda moja mbele ya macho yale.

"Umeona?"

Lusweti alimtazama kooni. "Kunywa tena."

Akanywa.

"Tena."

Akanywa, machozi yakimtoka, mpaka uji ukaisha. Mtoto akasogea, akachungulia ndani ya kikombe, akamchungulia na yeye usoni, akawaza.

"Nikikuja kesho nikupate bado uko," alisema, "nitakunywa."

Nabalayo alijifuta uso kwa leso. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu yeyote kungoja kuona kama ataamka.

"Nitakuwa," akamwambia. "Kuja mapema."